-TAKAPO-, -KI- NA LINI: Historia ya Wakati Ujao wa Kiingereza katika Ufuko wa Fizi

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo katika vitabu vingi vya sarufi hupewa ukurasa mmoja tu, nalo ni namna mzungumzaji wa Kiswahili anavyochagua umbo la wakati ujao katika Kiingereza pale sentensi inapokuwa na neno au kishazi cha wakati: kesho, wiki ijayo, kabla, mpaka, mara tu, pindi. Eneo tulilolichagua ni Swima, kijiji kilichopo kando ya Ziwa Tanganyika katika eneo la Fizi, Kivu Kusini, kwenye barabara itokayo Uvira kuelekea Baraka.

Uteuzi huo una sababu. Maelezo mengi kuhusu Kiingereza cha Waswahili yameandikwa kwa kumfikiria mwanafunzi wa Tanzania au wa Kenya, ambaye hutoka katika Kiswahili, au katika lugha ya kwao na Kiswahili, akaingia moja kwa moja katika Kiingereza. Mtoto wa Swima hana njia fupi kiasi hicho. Nyumbani aghalabu husikia Kibembe. Sokoni na kanisani hutumia Kiswahili. Darasani hukutana na Kifaransa. Na Kiingereza humfikia katika shule ya sekondari, kikiwa lugha ya nne, tena mara nyingi kikifundishwa kwa maelezo ya Kifaransa. Kosa lake katika Kiingereza kwa hiyo haliwezi kuelezwa kwa Kiswahili peke yake.

Tuchukue sentensi ambayo mwalimu yeyote wa Kiingereza katika sehemu hizo ataitambua: "I will tell him when he will come." Mwalimu hukata "will" ya pili kwa wino mwekundu na kuandika kanuni pembeni, kwamba baada ya "when" hakuna "will". Mwanafunzi huikariri. Siku ya pili huandika "I don't know when he comes", akidhani ameitii kanuni ile ile, naye hukatwa tena. Ni haki yake kuuliza kanuni hiyo ni ya namna gani. Hoja yetu ni kwamba jibu limo ndani ya Kiswahili chake mwenyewe, na kwamba historia ndiyo iliyolificha.

Lugha zilivyofika ufukweni

Kiswahili kilivuka ziwa kwa mitumbwi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Ujiji ulikuwa mji wa wafanyabiashara waliotoka pwani na Unyanyembe, na kutoka hapo biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilienea ng'ambo ya magharibi. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858 kwa mitumbwi iliyotoka Ujiji. Livingstone na Stanley walizunguka ncha ya kaskazini ya ziwa mwaka 1871. Wageni hao hawakukileta Kiswahili. Walikikuta njiani na kukitumia. Baadaye Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, aliutawala upande huo wa ziwa kibiashara na kisilaha mpaka vita vya Wabelgiji dhidi ya Waarabu na Waungwana vya 1892 hadi 1894.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka uliofuata walivuka na kufungua kituo Masanze, na mwaka 1883 wakaanzisha Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, yaani katika ufuko huo huo unaotuhusu. Dini ilipita kwa Kiswahili na utawala wa Kibelgiji ukapita kwa Kiswahili pia pale ulipoongea na raia, lakini ulipoandika uliandika kwa Kifaransa. Mgawanyo huo haukwisha na uhuru wa 1960. Katiba ya mwaka 2006 inakiweka Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezipa lugha za taifa nafasi katika madarasa ya mwanzo, ila darasa la Kiingereza haliko katika madarasa ya mwanzo.

Kilingala kilikuja na askari. Tunakitaja kwa sababu ya neno moja tu lenye faida kwa mada yetu. Katika Kilingala neno "lobi" ni jana, na neno hilo hilo "lobi" ni kesho. Msikilizaji hajui ni siku ipi mpaka asikie kitenzi. Kiswahili kimefanya kinyume: kitenzi kina alama moja tu ya wakati ujao, -ta-, nayo hutumika kwa jambo la dakika tano zijazo na kwa jambo la Siku ya Kiyama, anayetaka kupima umbali hana budi kutumia maneno ya nje ya kitenzi, yaani kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Jirani wa ng'ambo ya Ruzizi, Mrundi au Mnyarwanda, hupima umbali huo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa kutofautisha tendo la leo na tendo la baada ya leo. Lugha zote hizi husikika katika kilomita chache za ufuko mmoja. Mtu wa Swima, kwa hiyo, hahitaji kufundishwa kwamba wakati ujao unaweza kugawanywa kwa namna nyingi.

Kiingereza kilichelewa. Kwa muda mrefu kilikuwa lugha ya ng'ambo, ya Kigoma na serikali ya Waingereza iliyotawala Tanganyika hadi 1961. Uasi wa 1964 na 1965 ulileta ufukweni hata Kihispania: Che Guevara na wenzake Wakuba walivuka kutoka Kigoma na kushukia Kibamba mwezi wa Aprili 1965, wakajipa majina ya hesabu ya Kiswahili, Moja, Mbili, naye mwenyewe Tatu. Kihispania hicho, ikiwa msomaji ataturuhusu kutoka nje ya njia kidogo, kingekuwa na suluhisho jingine kwa sentensi yetu, maana baada ya neno lake la "pindi" hakitumii wakati ujao wala wakati uliopo wa kawaida, bali hali ya dhamira, sawa na tunaposema "mpaka aje".

Jambo lililokifanya Kiingereza kiwe haja ya watu wa kawaida ni vita vya 1996. Maelfu ya watu wa Fizi na Uvira walivuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka huo. Mwaka 1997 meli kongwe ya MV Liemba ilitumiwa kuwarudisha wakimbizi wapatao 75,000, lakini wengi wengine walibaki, na vita vya 1998 vikaongeza wengine. Shule za Wakongo kambini zilifuata mitaala ya Kongo, yenye Kifaransa, katika nchi ambayo sekondari zake husomesha kwa Kiingereza. Kisha, hasa tangu 2015, ikaja safari ya kuwahamishia wakimbizi wengi wa Nyarugusu Marekani, na pamoja nayo fomu, barua na mahojiano ya Kiingereza. Hatimaye Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jumuiya ambayo mkataba wake wa 1999 ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana.

Kutaka, kudaiwa na kwenda

Lugha nyingi hazikuzaliwa na wakati ujao. Ziliutengeneza kutokana na vitenzi vya kawaida, na kila lugha ilichagua kitenzi chake. Kifaransa cha darasani Fizi kina wakati ujao uliotokana na kitenzi cha "kuwa na" cha Kilatini: "nina jambo la kuimba" lilisongamana likawa "nitaimba". Kirundi na Kinyarwanda vilikitumia kitenzi cha kuja. Kiswahili kilitumia "taka".

Asili hiyo ya -ta- inajulikana sana, lakini ushahidi wake unastahili kukumbushwa kwa kuwa tutauhitaji. Kwanza, umbo kamili limehifadhiwa katika virejeshi: husemwa "atakuja" lakini "atakayekuja", "watafika" lakini "watakapofika". Silabi iliyodondoka katika sentensi kuu imebaki katika kishazi tegemezi. Katika Kiswahili cha Kongo umbo refu -taka- husikika hata nje ya virejeshi. Pili, vitenzi vya silabi moja hubaki na ku- baada ya -ta-: nitakula, nitakuja, nitakufa, ilhali baada ya -ki- na -ka- hakuna: nikila, nikaja. Ni kweli kwamba wanasarufi huieleza ku- hiyo pia kwa sababu ya mkazo, na maelezo yao ni sahihi kwa hali ya sasa, lakini kihistoria "nitakula" ni "nataka kula" iliyofupishwa. Tatu, na huu kwa maoni yetu ndio ushahidi mzuri kuliko yote, daraja lenyewe bado lipo. Mzee akitazama mawingu juu ya milima ya Fizi husema "mvua inataka kunyesha". Mvua haina utashi. Vivyo hivyo hunenwa kwamba mti unataka kuanguka, au kwamba mgonjwa anataka kufa, wala hakuna anayemlaumu mgonjwa. Hapo "kutaka" kumekwisha kuacha maana ya hiari na kushika maana ya jambo lililo karibu kutokea.

Sasa Kiingereza. Kiingereza cha kale hakikuwa na umbo la pekee la wakati ujao. Kilitumia wakati uliopo na kuliachia neno la wakati kazi ya kuonyesha kwamba jambo liko mbele. Baadaye vitenzi viwili vilipanda cheo. Cha kwanza kilikuwa na maana ya kutaka, nacho ndicho "will" ya leo. Cha pili kilikuwa na maana ya kudaiwa, kuwa na wajibu, nacho ndicho "shall". Kwa hiyo "he will come" na "atakuja" si tafsiri tu ya kila mmoja; ni ndugu kwa historia, ingawa hazikuwahi kukutana. Mwanafunzi wa Swima anayeambiwa kwamba "will" ni -ta- anaambiwa ukweli mkubwa kuliko anavyodhani mwalimu wake.

Mwanasarufi John Wallis, katika sarufi aliyoitoa mwaka 1653, aliweka kanuni ya kutenganisha maneno hayo mawili: nafsi ya kwanza itumie "shall" kwa utabiri tu, na "will" kwa ahadi au tishio; nafsi nyingine zifanye kinyume. Vizazi vya wanafunzi katika makoloni ya Waingereza walichapwa kwa kanuni hiyo, ambayo watu wa London wenyewe hawakuishika sana katika mazungumzo. Fizi, iliyotawaliwa na Wabelgiji, iliepukana nayo, na hiyo ni neema ndogo ya historia yake.

Kitenzi cha tatu, "kwenda", kilijitokeza baadaye na kushika mizizi katika karne ya 17: "going to". Hapa mtoto wa Swima anasaidiwa na Kifaransa, ambacho nacho hutumia kitenzi cha kwenda kwa jambo la karibu. Kiswahili kingeweza kumpotosha, maana "ninakwenda kulima" kwa kawaida huanza kwa miguu kutoka nyumbani, wakati Kiingereza humruhusu mtu aseme kwamba anakwenda kulala naye yuko kitandani tayari. Lakini Kiswahili kina msaada wake ambao vitabu havijautumia. Mahali ambapo Mswahili husema "inataka kunyesha", akiwa ameyaona mawingu, Mwingereza husema "it is going to rain". Mahali ambapo Mswahili husema "itanyesha", kwa kukisia au kwa kutabiri tu, Mwingereza anaweza kusema "it will rain". Tofauti ambayo kitabu cha kiada huieleza kwa aya tatu, mkulima wa Swima anayo kinywani.

Wakati uliopo wenye kesho ndani yake hauhitaji maelezo marefu. "Kesho ninakwenda Baraka" ni mpango uliokwisha kupangwa, nayo ni "I am going to Baraka tomorrow", na Kifaransa hakipingani nao. Ratiba ya meli nayo husemwa kwa wakati uliopo wa kawaida katika Kiingereza, kwa kuwa meli, angalau kwa maandishi, haina hiari ya kubadili nia.

Atakapokuja, akija, atakuja lini

Turudi kwenye sentensi iliyokatwa kwa wino. Mwanafunzi alitaka kusema "nitamwambia atakapokuja". Kiswahili kimeweka wakati ujao mara mbili: -ta- katika kishazi kikuu, -taka- katika kishazi cha wakati. Kifaransa nacho huweka wakati ujao mara mbili, "je lui dirai quand il viendra". Lugha mbili za shule na za kanisa zinamwambia jambo lile lile, nazo hazina undugu. Mwanafunzi anayeandika "when he will come" hajazembea. Amepiga kura na wengi.

Wala hajakosea kwa kipimo cha historia nzima ya Kiingereza. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, "shall" hupatikana mara nyingi katika vishazi vya wakati vinavyoanza na "when". Umbo la wakati uliopo lilikuwapo pia tangu zamani, na hatimaye ndilo lililoshinda katika matumizi ya kawaida. Mwanafunzi akielezwa kwamba sentensi yake ingepita miaka mia nne iliyopita, kwa "shall" badala ya "will", hapotezi kitu, na heshima yake inarudi.

Lakini Kiswahili kina njia ya pili, ambayo Kifaransa hakina kwa "quand": "nitamwambia akija". Kiambishi -ki- hakibebi wakati ujao. Wakati ujao umekwisha kusemwa na "nitamwambia", na -ki- huutegemea. Hivyo ndivyo hasa kinavyofanya Kiingereza: "will" husemwa mara moja katika kishazi kikuu, kisha kishazi cha wakati hukaa chini yake kwa umbo tupu, "when he comes". Mwalimu anayetafuta mlango wa kuingilia asianze na "atakapokuja", wala asianze na Kifaransa. Aanze na "akija".

Na ile sentensi ya pili, "I don't know when he comes"? Katika Kiswahili haiwezi kusemwa kwa -ki- wala kwa -takapo-. Husemwa "sijui atakuja lini". Kiswahili hutumia neno jingine kabisa. Kifaransa hutumia "quand" kwa zote mbili, na Kiingereza "when" kwa zote mbili. Ndiyo maana kanuni ya mwalimu, iliyofungwa kwenye neno "when", huvunjika mikononi mwa mwanafunzi. Kanuni iliyofungwa kwenye Kiswahili haivunjiki. Pale ambapo Kiswahili kina "lini", Kiingereza huweka "will". Pale ambapo Kiswahili kina -po- au -ki-, Kiingereza huiondoa. Hata katika Kiswahili cha mitaa ya Baraka na Uvira, ambapo virejeshi vya ndani ya kitenzi vimepungua na watu husema "wakati atakuya", tofauti haipotei, kwa kuwa swali bado huulizwa kwa "siku gani" au "saa ngapi", si kwa "wakati" peke yake.

Mkosoaji anaweza kusema kwamba tumeipendelea -ki- kupita kiasi. Ana haki, na hapa ndipo mada inapoacha kuwa ya daftari la shule.

-Ki- huvaa kofia mbili. "Akija" ni "when he comes", na "akija" ni "if he comes". Kiingereza humlazimisha msemaji achague kati ya jambo linalotarajiwa na jambo lenye shaka. Kifaransa humlazimisha vivyo hivyo. Kiswahili humwachia nafasi ya kutochagua, na katika maisha ya kawaida nafasi hiyo ni hekima, maana nani ajuaye kama mtu atafika? Katika ofisi ya mahojiano ni hatari.

Tutunge mfano. Mtu wa Swima aliyeko kambini anaulizwa kuhusu kurudi kwao, naye anajibu: "Vita vikiisha nitarudi." Mkalimani ana sentensi mbili za Kiingereza mbele yake, na muda wa kuvuta pumzi moja. Akisema "when the war ends, I will go back", anayesikiliza huandika kwamba mtu huyu anatarajia vita viishe na amekusudia kurudi. Akisema "if the war ends", huandika jambo jingine: mtu asiyeona mwisho. Msemaji hakusema hili wala lile. Tena "will" ina kumbukumbu ya kutaka, kama -ta- ilivyo nayo, na "nitarudi" inaweza kusikika kama azimio mahali ambapo msemaji alitabiri tu, au aliomba dua. Viambishi vya silabi moja moja, -ki- na -ta-, vimebeba hapo uzito ambao hakuna kitabu cha sarufi kilichovitayarisha kuubeba.

Upande wa pili ni barua. Chukua sentensi mbili za kubuni: "You will receive a date when your file is approved", na nyingine iliyo sawa nayo ila ina "if" mahali pa "when". Msomaji wa Kiswahili akifasiriwa zote mbili kwa "utapewa tarehe faili lako likikubaliwa", hajaambiwa uongo, lakini hajaambiwa tofauti. Katika barua ya kwanza kukubaliwa kunatarajiwa, limebaki suala la siku. Katika ya pili hakuna ahadi yoyote. Familia inayosikia ahadi huuza masufuria, huacha kulima kijishamba chake, humtoa mtoto shule. Mfasiri mwangalifu ana vifaa vya kutosha: kwa "when" aseme "litakapokubaliwa", kwa "if" aseme "iwapo litakubaliwa" au "endapo". Kwa hiyo -takapo-, tuliyoikwepa tulipokuwa tukifundisha kuandika Kiingereza, ndiyo tunayoihitaji tunapofasiri kutoka Kiingereza. Njia ya kwenda si njia ya kurudi.

Maneno mengine ya wakati yana mitego midogo zaidi. "Kabla" ni mmoja wa mitego ya kupendeza. Kiswahili husema "kabla hajaja", kwa kukanusha, na Kifaransa cha adabu huingiza "ne" yake isiyokanusha kitu, "avant qu'il ne vienne". Mwanafunzi mwenye lugha hizo mbili anayeandika "before he has not come" ana mashahidi wawili tena, na Kiingereza kinawakataa wote: "before he comes". "Baada ya wiki mbili" huwa "after two weeks" kwenye daftari, ilhali kwa jambo lijalo Kiingereza hupenda "in two weeks", sawa na Kifaransa. Hapa, kwa mara moja, Kifaransa ni mwalimu bora.

Hadi, na saa

"Hadi" inastahili maneno machache zaidi. "Nitangoja hadi kesho" na "nitamaliza hadi kesho" hukubalika masikioni mwa wengi, ingawa Kiswahili cha makini husema "nitamaliza kufikia kesho". Kiingereza hutenganisha: "until" kwa hali inayoendelea mpaka kikomo, "by" kwa tendo litakalokuwa limekamilika kabla ya kikomo. Na "by" huleta pamoja nayo umbo zito la wakati ujao timilifu, "we will have sold the fish by noon". Walimu wengi huliogopa umbo hilo na kuliacha mwisho wa mwaka. Hakuna sababu. Mvuvi wa Swima husema kila siku "kufikia saa sita tutakuwa tumeuza dagaa wote". "Tutakuwa tumeuza" ni "will have sold", kipande kwa kipande, -ta- kwa "will" na -me- kwa "have".

Tatizo katika sentensi hiyo halimo katika kitenzi. Limo katika "saa sita", ambayo ni "noon". Kiswahili huhesabu saa kutoka mapambazuko na kutoka magharibi, hesabu inayofaa vizuri karibu na ikweta ambako jua halibadilishi sana nyakati zake. Kifaransa na Kiingereza huhesabu kutoka usiku wa manane na adhuhuri. Mwanafunzi anayeandika "the meeting will start at two" huku akimaanisha saa mbili asubuhi amepatia njeo na amekosa mkutano. Hapa kuna jambo la jiografia ambalo mara nyingi husahauliwa: Kongo ya mashariki ipo nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Saa mbili asubuhi ya Baraka ni saa tatu asubuhi ya Kigoma, na maji ni yale yale. Mkimbizi wa Swima anayempigia simu ndugu yake aliyebaki kijijini na kumwambia "nitakupigia tena kesho saa mbili" hana budi kuongeza neno moja zaidi, ya huku au ya huko. Akiwa ameshapelekwa Marekani ana hesabu nyingine kabisa, na sentensi yake ya Kiswahili, yenye -ta- ile ile moja, inabaki vile vile.